Machujio ya Maji ya Samaki: Lipi Litupwe na Lipi Lihifadhiwe

Mtu ahamiapo Kitengela kutoka Nairobi, jambo la kwanza alitambualo, kabla hajawajua majirani wala hajalizoea vumbi la njia ya Namanga, ni kwamba maji ya nyumba yake mpya hayafanani na yale aliyoyaacha: chai hubadilika ladha, glasi zilizooshwa hubaki na madoa, na mara nyingi ndani ya birika, baada ya majuma machache, hufanyika ukoko mweupe ambao hautoki mpaka ukwanguliwe kwa kijiko. Maji hayo aghalabu yametolewa katika visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine kupenya miamba ya volkeno ya nyanda za Athi na Kapiti, yakaletwa kwa boza au kwa bomba la mtaa. Na hata pale panapofika maji ya Noolturesh, yatokayo katika chemchemi za chini ya Kilimanjaro upande wa Loitokitok, zamu yake huja na kupita, na mwenye nyumba hurudi kwenye kisima. Katika visima vingi vya Kajiado mna chumvi, mna alkali, na mna floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno yenye madoa ya kahawia ya watoto waliokulia huku ni ushahidi usiohitaji maabara.

Ndiyo sababu nyumba nyingi za mji huu, kuanzia zile zilizo karibu na stendi mpaka zile za ndani kabisa kuelekea Isinya, zina mtambo mdogo wa kusafishia maji uliofungwa ukutani chini ya sinki: makasha matatu ya plastiki yaliyosimama wima, jingine lililolazwa juu yake, mirija myembamba, na pampu ndogo ingurumayo kama paka aliyeshiba. Mtambo ulinunuliwa kwa ajili ya maji ya kunywa ya watoto. Walakini katika nyumba za watu waliojaaliwa kupenda samaki wa mapambo, mtambo huohuo ndio ulijazao hodhi la kioo lililoko sebuleni. Watu hao ndio niwaandikiao mwongozo huu, kwa kuwa swali lao nimelisikia mara nyingi, na kila mara nimelisikia likijibiwa kwa haraka kuliko linavyostahili. Swali lenyewe ni hili: chujio libadilishwe lini?

Jibu la haraka ni lile lililochapishwa kwenye boksi, nalo husema miezi sita. Si uongo, ila limetungwa na mtu asiyeyajua maji yako, wala hajui kama boza lililokuletea Jumamosi lilijazwa kisimani au mtoni. Fauka ya hayo, jibu hilo hunena juu ya machujio kana kwamba yote ni ya jinsi moja, na hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Mwenye hodhi ana machujio ya namna mbili. Chujio la ukutani ni kitu kisicho na uhai, ambacho kazi yake ni kushika taka hadi kijae, na likichelewa kutupwa hudhuru. Bali chujio lililomo hodhini ni maskani ya viumbe hai wasioonekana kwa macho, na likitupwa kwa pupa huua. Taratibu ya moja ni kinyume cha taratibu ya jingine, na asiyeijua tofauti hiyo hukosa mara mbili: huliacha lile la ukutani mpaka limeoza, akalitupa lile la hodhini kwa sababu tu limekuwa jeusi.

Tuanze ukutani.

Kasha la kwanza ambamo maji huingia ni la chujio la mashapo, lile jeupe lililosukwa mfano wa uzi wa pamba, ambalo aghalabu hushika chembe zote zilizo kubwa kuliko mikroni 5. Hili ndilo rahisi kulitambua, maana mara nyingi kasha lake ni la plastiki angavu na rangi yake huonekana kutoka nje. Lakini rangi ya nje peke yake haitoshi kuwa hukumu, kwa sababu chujio jipya likipitiwa na maji ya boza lililotibuka hugeuka kahawia kwa siku moja na bado likawa na nguvu nyingi ndani yake. Ukitaka kuijua hali yake kwa yakini, litwae lile ulilolitoa, lilaze juu ya gazeti, ulikate katikati kwa kisu kikali, kisha utazame mkato wake. Utaona pete kama zile zionekanazo katika gogo la mti: ukingoni rangi ya udongo, kisha manjano hafifu, kisha nyeupe. Ikiwa nyeupe bado ipo upande wa kiini, ulilibadilisha kwa wakati wake; ikiwa udongo umefika mpaka kwenye tundu la katikati, ujue kwamba kwa siku kadhaa taka zilikuwa zikipenya na kwenda kuliziba chujio la mbele, ambalo bei yake ni kubwa zaidi. Mara moja tu ya kufanya hivyo itakufundisha hesabu ya nyumba yako, ikiwa ni miezi miwili, mitatu au minne, kuliko boksi lolote liwezavyo kukufundisha. Kwa nyumba zinazonunua maji ya boza mimi nashauri miezi mitatu isipite, na katika majira ya masika na ya vuli, wakati udongo mweusi wa nyanda zetu unapotiririka pamoja na kila kitu, litazamwe kila mwezi. Vilevile tangi la juu ya nyumba lioshwe kabla ya kulilaumu chujio, kwa maana vumbi la Kitengela huingia hata chini ya kifuniko kilichofungwa vema, likatua chini ya tangi likawa tope.

Chujio la pili, na mara nyingi la tatu pia, ni la kaboni, yaani mkaa uliotengenezwa kwa namna ya kuufanya uwe na vinyweleo visivyo na idadi. Kazi yake ni kunyonya harufu, rangi, dawa za mashambani, na hasa klorini. Watu wengi hudhani kwamba kaboni imewekwa kwa ajili ya ladha tu, na kwa hiyo huona si neno likikaa mwaka na nusu. Lakini ukweli ni kwamba kaboni ni mlinzi wa utando ulio mbele yake, ambao klorini huuharibu pasipo dalili ya kuonekana. Maji ya kisima aghalabu hayana klorini, bali ya bomba na ya baadhi ya maboza hutiwa, na wewe hujui leo umeletewa yapi. Tena klorini hiyohiyo huchoma matamvua ya samaki. Basi kwa kuwa kaboni iliyochoka haitofautiani kwa sura na kaboni mpya, macho hapa hayana msaada. Kinachofaa ni zile dawa za matone zitumiwazo kupima klorini katika mabwawa ya kuogelea. Pima maji yaliyopita katika kaboni siku ambayo unajua umepewa maji yenye klorini; yakionyesha rangi hata kidogo, chujio limekwisha kazi. Na hata kama hukuona rangi, usilivushe mwaka mmoja, kwa kuwa mkaa uliojaa taka za kuoza huwa shamba la vijidudu. Miezi sita ni kipimo cha busara kwa nyumba yenye watu watano na hodhi moja.

Hapa naomba nitoe onyo nje kidogo ya njia yangu. Kaboni haiondoi floraidi wala haiondoi chumvi, na kuchemsha maji hakuondoi floraidi bali huizidisha, kwa sababu maji hupungua nayo hubaki. Aliyenunua jagi lenye chujio la mkaa peke yake, akaamini kwamba amewalinda watoto wake na maji ya kisima cha Kajiado, hajawalinda na jambo hilo. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hutumika Nakuru na huko Arusha, ni kitu kingine chenye uwezo huo. Nao pia huchoka, na huhitaji kupimwa.

Chujio lenye thamani kuliko yote ni lile la kasha lililolazwa, ambalo ndani yake mmekunjwa utando, au memburani kama mafundi waitavyo. Maji husukumwa kwa nguvu juu ya utando huo. Yaliyo safi hupenya, na yaliyobaki na chumvi hutoka kwa mrija wa pili kwenda kumwagwa. Utando wenye afya huzuia kati ya sehemu 90 na 98 katika kila 100 za chumvi iliyoyeyuka, floraidi ikiwamo. Wauzaji husema utadumu miaka miwili au mitatu, na kwa maji mepesi wasema kweli. Kwa maji yetu nimeona utando uliokufa kabla ya mwaka, kwa kuwa tu mwenyewe aliacha mashapo na klorini viufikie, na nimeona mwingine uliotimiza miaka minne katika nyumba iliyoangaliwa.

Kwa utando, hesabu ya miezi iache kabisa. Nunua mita ya TDS, kile kijiti kidogo chenye kioo cha tarakimu kinachopima chumvi iliyoyeyuka, ambacho hakina gharama kubwa, na ufanye hivi. Pima maji yanayoingia, kisha pima maji yanayotoka, kisha linganisha. Mathalan maji yako ya kisima yanasoma 1100, na yaliyosafishwa yanasoma 55: hayo yaliyopita ni sehemu 5 katika 100, kwa hiyo utando unazuia 95, nao u mzima. Baada ya muda yaliyosafishwa yakisoma 110, umefika kwenye 90, na hapo uanze kuweka akiba ya kununulia mwingine. Yakifika 165, utando unazuia 85 tu, nao umestahili kubadilishwa, hata kama maji bado ni matamu mdomoni. Usidanganywe na tarakimu ya maji yanayotoka ikiwa peke yake. Siku utakapoletewa boza kutoka kisima kingine chenye chumvi maradufu, tarakimu hiyo itapanda ilhali utando hauna kosa lolote, na ni ule uwiano wa kuingia na kutoka utakaokuambia kweli.

Kuna mambo matatu yanayomfanya mtu auhukumu utando bila haki. La kwanza, maji ya kwanza kutoka asubuhi, baada ya mtambo kulala usiku kucha, daima huwa na chumvi zaidi. Yamwage kwa dakika chache ndipo upime. La pili ni baridi. Katika mwezi wa Julai, wakati Kitengela inapofunikwa na mawingu na upepo wa uwandani ukapenya mpaka jikoni, maji baridi hupita katika utando kwa uvivu, na mtambo uliokuwa ukijaza chupa ya lita moja kwa dakika tano au sita huchukua nane au zaidi; subiri Septemba kabla hujatoa fedha. La tatu ni nguvu ya msukumo. Kila mita 10 za urefu wa tangi huleta msukumo wa bar 1 tu, na utando hutaka bar 3 au zaidi ili ufanye kazi yake sawasawa. Kwa hiyo tangi la juu ya paa peke yake halitoshi, na pampu ikidhoofika utando mzima huonekana kama uliokufa. Pima msukumo kwanza.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ngumu, ingawa mafundi hupenda ionekane hivyo. Funga maji, zima pampu, fungua bomba la kutolea ili msukumo uishe, kisha ndipo ulifungue kasha kwa ule ufunguo wake wa plastiki. Osha kasha kwa maji ya moto na sabuni kidogo, ulisuuze sana, na mpira wa duara uliomo mdomoni mwake uupake silikoni, wala si mafuta ya kujipaka, ambayo huweza kuulegeza mpira hadi ukavuja. Kaboni mpya ipitishiwe maji kwa dakika kadhaa mpaka ule unga mweusi uishe, tena kabla hujaunganisha mrija wa kwenda kwenye utando. Utando mpya nao una dawa iliyotiwa kiwandani ili usioze. Maji yake ya saa za kwanza, fuata kipimo kilichoandikwa, yamwagwe yote. Hayo si maji ya samaki wala si maji ya mtoto.

Na juu ya maji yanayomwagwa kila siku, neno moja. Mtambo wa kawaida hutupa lita tatu au nne kwa kila lita moja uipatayo. Mwenye hodhi la lita 100, akibadilisha robo yake kila juma, atahitaji lita 25 safi, nazo zitamgharimu lita 75 au 100 za kwenda shimoni, katika mji ambao maji hununuliwa kwa mtungi. Yakingwe. Yanafaa kuoshea sakafu na kumwagia chooni. Bustani usiyanyweshe siku zote, maana chumvi yake hujilimbikiza udongoni. Ukiona maji ya kumwagwa yanazidi na ya kutumia yanapungua mwezi hata mwezi, msukumo ukiwa uleule, hiyo pia ni dalili kwamba utando unaziba.

Kabla hatujaingia hodhini, lipo jambo ambalo wachache hulifikiri, nami naliona ndilo kiungo cha pande hizi mbili. Utando unapochoka, huchoka polepole. Chumvi ya hodhi hupanda kidogo kidogo, tena upepo wetu mkavu huyachukua maji na kuiacha chumvi, na samaki huzoea pasipo wewe kujua. Kisha siku moja unafunga utando mpya, unafurahi kuona tarakimu imeshuka mpaka 40, na jioni hiyohiyo unabadilisha nusu ya maji ya hodhi. Miili ya samaki, iliyokuwa imejipanga kwa maji mazito, hutumbukizwa ghafla katika maji mepesi, nao hupata mshtuko ambao huweza kuwaua kwa idadi. Basi siku ya utando mpya, pima hodhi, kisha changanya maji safi na ya kisima mpaka yakaribie kipimo cha hodhi, na uyashushe kwa majuma matatu au manne. Wala maji matupu yasiyo na chumvi hata kidogo si mema kwa samaki: hayana cha kuizuia asidi isipande, na bakteria nitakaowataja hivi punde huishiwa nguvu ndani yake. Samaki wa dhahabu na gapi hufurahia mchanganyiko. Na wale samaki wenye rangi kali wa Ziwa Nyasa na wa Tanganyika, ambao kwao ni maji ya alkali, huhitaji kuchanganyiwa maji ya kisima kwa wingi zaidi.

Sasa hodhini. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake mchana na usiku, na chakula kilichosalia na kinyesi hutoa nyingine. Ndani ya sponji na ndani ya vile vipande vya kauri vya duara huishi bakteria wa aina mbili: wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka siku yako ya kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua majuma manne hadi sita kujenga mji wao. Utelezi wa kahawia uuonao juu ya kauri, ambao mkono wako unatamani kuusugua, ndio mji wenyewe.

Nasi watu wa Kajiado tuna sababu ya kuwahifadhi kuliko watu wengi. Amonia huwa na sura mbili ndani ya maji, moja isiyo na madhara makubwa na moja iuayo, na kadiri alkali inavyozidi ndivyo ile iuayo inavyozidi. Katika joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya sehemu moja katika 100 ya amonia yake katika sura ya sumu. Yenye pH 8 huwa na sehemu kama 5. Yenye pH 9 huwa na zaidi ya theluthi. Kwa hiyo uchafu uleule ambao samaki wa mtu mwenye maji laini angeusikia kama kikohozi, samaki wako katika maji ya kisima huusikia kama moto. Ithibati ya jambo hili iko ndani ya kaunti yetu wenyewe. Katika chemchemi za Ziwa Magadi, ambamo pH hufika karibu 10 na joto hupanda kupita nyuzi 40, huishi samaki mdogo ambaye wataalamu humwita Alcolapia grahami. Katika maji makali kama yale amonia haiwezi kumtoka matamvuani kama inavyowatoka samaki wengine, naye Mola amemjaalia njia yake: mwaka 1989 wataalamu walieleza kwamba samaki huyo huigeuza taka yake yote kuwa yurea, mfano wa wanyama wa nchi kavu. Samaki wako wa sebuleni hana karama hiyo. Alichonacho ni ile sponji nyeusi.

Nakumbuka jirani yangu mmoja, mama mwalimu, aliyekuwa na samaki wa dhahabu sita katika hodhi la lita 150, naye aliwatunza kama wana. Siku moja fundi alipokuja kubadilisha machujio ya ukutani, alilitazama na lile la hodhini akasema, "Mwalimu, hizi kauri zimeshakuwa nyeusi kabisa, na hii sponji inanuka tope. Tubadilishe zote leo, maji yawe safi." Mwalimu akaona neno ni la busara, maana nani hapendi usafi? Jioni ile maji yaling'aa kama kioo, akaniita nije kuona. Siku ya tatu aliniita tena. Samaki walikuwa juu kabisa ya maji, vinywa nje, wakitweta, na kingo za matamvua zimekuwa nyekundu kama zilizokwaruzwa. Na tulipotia matone ya kupimia amonia katika kichupa, maji hayakubaki manjano kama yanavyopaswa, bali yaligeuka kijani ya majani mabichi. Tulibadilisha theluthi ya maji, tukaacha kuwalisha, tukaongeza hewa, na rafiki yake wa Isinya akatuletea sponji kuukuu kutoka hodhi lake, imetiwa katika mfuko wa maji ili isikauke njiani. Wawili walipona. Wanne tuliwazika chini ya mpapai.

Kutokana na hayo ndipo itokapo kanuni ya hodhini. Sponji haibadilishwi kwa sababu ni chafu. Hukamuliwa mara mbili au tatu ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa hodhini, wala si chini ya bomba, kisha hurudishwa. Fanya hivyo kila maji yanapopungua kasi, ambayo kwa hodhi la kawaida ni baada ya majuma mawili hadi manne. Siku sponji itakapokuwa imelegea, ikibonyezwa hairudi, ikiacha vipande mkononi, ndipo wakati wake umefika. Hata hapo usiitoe kabla ya kuiweka mpya kando yake kwa mwezi mzima, ili bakteria wahamie. Kauri mimi sioni sababu ya kuzitupa abadani, ila zikivunjika na kuwa unga. Na ikikulazimu, toa nusu, ungoje majuma sita, utoe nusu nyingine. Ile pamba nyeupe nyembamba ya juu kabisa, ambayo hushika taka kubwa, ndiyo peke yake unayoweza kuitupa bila hofu, kila juma ukitaka. Kaboni ya hodhini, kama unaitumia, huchoka katika majuma matatu au manne, na unapowapa samaki dawa iondoe kabisa, vinginevyo itainyonya dawa yote.

Baada ya kugusa chochote chenye bakteria, pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili kwa muda wa majuma mawili. Zote mbili ziwe sifuri. Na kamwe, hata kama fundi amekuja mara moja tu kutoka mbali na ana haraka, usibadilishe machujio ya ukutani na ya hodhini katika siku moja. Tenganisha angalau kwa majuma mawili, ili samaki wasipatwe na mageuzi ya maji na upungufu wa bakteria kwa wakati mmoja.

Limebaki suala la stima. Ikikatika kwa saa kadhaa, kama itokeavyo mara kwa mara pindi mvua za Aprili zinapoanza, bakteria waliofungiwa ndani ya chujio la kopo, lile la chini ya meza, huishiwa hewa wakafa, na maji yaliyomo huoza. Umeme ukirudi pampu itayasukuma maji hayo yote hodhini. Kwa hiyo zima swichi mara tu stima inapokatika, na kama saa zimepita nyingi, fungua kopo, mwaga maji yake, zisuuze kauri kwa maji ya hodhi, ndipo uwashe. Aliye na pampu ndogo ya hewa ya betri pamoja na sponji moja ndani ya hodhi hana haja ya wasiwasi huo, na mimi nampa shauri kila mwenye hodhi wa Kitengela aanze na hilo kabla hajanunua taa ya rangi.

Basi, ndugu msomaji, leo kabla hujalala, twaa kalamu isiyofutika uandike tarehe juu ya kila kasha la ukutani, na katika daftari dogo uandike tarakimu mbili za mita yako, ya maji yanayoingia na ya yanayotoka. Kisha lisogelee hodhi, uitazame ile sponji nyeusi, na uiache ilipo.